Sekondari ya kiklasiki ukiwa nyumbani: nani atasahihisha insha ya mtoto?

Kila mwaka ikikaribia Mei, kwenye maegesho ya kanisa letu hapa Texas, baada ya ibada ya Kiswahili, lazima mzazi mmoja anivute pembeni. "Dada, kijana wangu anaingia darasa la 9. Tumemsomesha wenyewe mpaka hapa, sasa nimeishiwa. Nimpeleke wapi?" Kisha anatoa simu na kunifungulia tovuti nne au tano za elimu ya Kikristo ya kiklasiki. Kila moja ina picha ya mtoto aliyeinamia kitabu kikubwa, na nguzo za Kigiriki hazikosekani.

Namwambia aifunge simu kwanza. Ukiziweka orodha za vitabu za programu hizo zote mezani na kukata vichwa vya karatasi, hutajua ipi ni ya nani. Homer yumo, Virgil yumo, Agostino, Dante na Shakespeare wamo. Kilatini kimo, mantiki imo. Tofauti iko kwingine: nani anakaa na mtoto Jumanne asubuhi, na nani anaisoma ile insha ya kurasa tano na kumwambia, "Hoja yako ya pili haishiki, rudia." Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku na mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Kwa watoto wawili tumeshapita njia tatu kati ya nne nitakazozieleza, na ile ya nne nimeiona kwa karibu kwa wifi yangu.

Kwanza, kwa asiyeijua elimu yenyewe. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa riwaya za upelelezi, alitoa hotuba Oxford akilalamika kwamba shule zinafundisha masomo lakini hazifundishi kufikiri. Akapendekeza ngazi tatu za Zama za Kati zirudi: sarufi, mantiki na balagha. Mtoto mdogo akariri, maana kasuku anayo ndani yake. Akianza kubalehe apewe mantiki, maana ubishi tayari anao. Kisha afundishwe kusema na kuandika hadi mtu akubali. Miaka mingi baadaye Wamarekani waliichukua hotuba hiyo na kuijengea shule. Logos School ya mji wa Moscow, Idaho, ilifunguliwa 1981, na wazazi waliokuwa wakisomesha nyumbani nao wakaingia kwa wingi. Mtu wa Lamu au Unguja akisikia haya atatabasamu: nahau, sarufi, mantiki na balagha ndizo fani walizokaa chini wazee wake mbele ya masheikh, ila wao walizisoma kwa Kiarabu.

Kununua vitabu na kufundisha mwenyewe

Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Unanunua mtaala kwa kampuni kama Memoria Press ya Louisville, Kentucky, au ule mfululizo wa Omnibus wa Veritas Press, vitabu sita vinavyounganisha historia, fasihi na theolojia. Omnibus inamzungusha mtoto mara mbili: zamani za kale, kisha Kanisa la mwanzo hadi Matengenezo ya Kiprotestanti, kisha hadi leo, halafu mzunguko unaanza upya kwa vitabu vizito zaidi. Vingi utavipata mitumba, vina kalamu ya mtoto wa mtu mwingine pembeni, na havina ubaya.

Mwongozo wa mwalimu unakuja na majibu. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Majibu yanakuambia kama mtoto amemtaja mhusika sahihi. Hayakuambii kama insha yake ina akili. Ili ujue hilo, kitabu uwe umekisoma wewe. Mimi Iliadi niliisoma kwenye gari, dakika 40 kabla ya kuingia zamu, na kusema kweli niliipenda kuliko nilivyotegemea. Akile anavyonuna hemani kwa kunyang'anywa heshima, nilimwona mjomba wangu mmoja kabisa. Lakini mwaka uliofuata nilipewa wodi nyingine, dakika 40 zikapotea, na mtoto akawa anajisomea peke yake. Alimaliza vitabu vyote. Hakubishana na mtu hata kimoja.

Njia hii inafaa nyumba yenye mzazi mmoja anayekuwepo mchana, anayependa kusoma, na asiyeona haya kumwambia mtoto, "Hapa hata mimi sielewi, tusome tena."

Jumuiya ya siku moja kwa wiki

Kubwa na inayojulikana zaidi ni Classical Conversations, iliyoanzia North Carolina mwaka 1997. Ngazi za vijana zinaitwa Challenge, ziko sita: A na B kwa watoto kuanzia miaka 12, kisha I hadi IV kwa sekondari yenyewe. Vijana wanakutana siku moja kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, mara nyingi kwenye madarasa ya kanisa. Mtu mmoja anaongoza masomo yote sita ya siku hiyo, na mara nyingi naye ni mzazi kama wewe. Siku nne zilizobaki ni zako.

Uzuri wake ni watu. Mtoto anayesoma nyumbani anapata wenzake wanane au kumi waliosoma kitabu kilekile, na anasimama mbele yao kusema. Kwenye Challenge B kuna kesi ya kuigiza, vijana wanajigawa mawakili na mashahidi. Mwanangu wa kwanza, ambaye wageni wakija alikuwa anakimbilia chumbani, alisimama na koti la baba yake lililomzidi mabega akamhoji shahidi mpaka akababaika. Kwa hilo tu, ada yangu nilihesabu imerudi.

Udhaifu nao ni watu. Yule kiongozi anayejua Kilatini vizuri huenda anashikana tu na aljebra, au kinyume chake. Na isomwe polepole hii, maana wengi huigundua Novemba: yeye si mwalimu wa mtoto wako. Anaongoza mazungumzo. Mwalimu ni wewe, unayesahihisha ni wewe, na anayeandika alama za mwaka ni wewe. Mama anayeingia akidhani amenunua shule atajikuta na shule nzima jikoni pamoja na ada juu yake.

Darasa la mtandaoni, mubashara

Hapa kuna Veritas Scholars Academy, Wilson Hill Academy, Logos Online School, Scholé Academy na nyingine. Mtoto anaingia darasani kwa kompyuta saa maalum, mara mbili au zaidi kwa wiki kwa kila somo, anamwona mwalimu na wenzake, anainua mkono. Mwalimu amesomea anachofundisha. Anatoa kazi, anasahihisha, anatoa alama. Unaweza kununua somo moja tu, na hapo ndipo faida kubwa ilipo: Kilatini na balagha mtandaoni, hesabu na Biblia nyumbani. Ada ni mamia ya dola kwa kila somo, kwa hiyo mzigo kamili wa masomo sita unafikia maelfu.

Lakini neno "mubashara" haliahidi kwamba insha itasomwa. Tulimlipia binti yetu somo moja mahali ambapo sitapataja. Darasa lilikuwa na vijana zaidi ya 20. Insha yake ya kwanza, aliyoihangaikia wiki mbili, ilirudi na tarakimu 88 na maneno mawili ya kumsifu. Ya pili, 90. Nilimuuliza mbili zilizoongezeka zimetoka wapi, akasema, "Mama, sijui." Mwaka uliofuata tulihamia darasa la vijana 11 kwingine, na insha ya kwanza ikarudi na maandishi mekundu mengi kuliko yake. Alilia jioni nzima. Kufika Krismasi alikuwa anaandika kama mtu mwingine.

Ndugu walioko Dar es Salaam, Nairobi au Kigali huniuliza kama nao wanaweza. Wanaweza, intaneti ikikubali, ila hesabuni saa. Darasa la saa nne asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani linaangukia saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, na Novemba Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma linasogea hadi saa kumi na mbili jioni, mpaka Machi. Darasa la mchana wa Marekani ni usiku wenu. Na umeme huwa una tabia yake saa hizo.

Shule ya siku mbili au tatu

Hii ndiyo aliyochagua wifi yangu. Inaitwa University-Model, na ilianzia hapahapa Texas, Grace Preparatory Academy ya Arlington, mwaka 1993. Wanafunzi wa sekondari wanahudhuria siku kadhaa kwa ratiba kama ya chuo kikuu, siku nyingine wako nyumbani na kazi waliyopewa na mwalimu. Shule inasahihisha, shule inatoa transkripti (karatasi rasmi ya masomo na alama), na kuna timu ya mpira na mahafali. Mzazi ni msaidizi, na kwenye sekondari kazi yake inapungua: ahakikishe kijana yuko mezani, wala asitafute majibu.

Si kila shule ya mtindo huu ni ya kiklasiki. Uliza kama kuna Kilatini na kama mwaka wa mwisho mwanafunzi anaandika tasnifu na kuitetea mbele ya watu. Ada iko juu ya jumuiya na chini ya shule ya kawaida ya binafsi. Tena kuna safari: wifi yangu anaendesha dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku tatu kwa wiki. Petroli hiyo haimo kwenye karatasi ya ada.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| | Anafundisha | Anasahihisha insha | Anaandika transkripti | Mzazi awepo mchana? |
|---|---|---|---|---|
| Vitabu peke yake | Mzazi | Mzazi | Mzazi | Ndiyo, kila siku |
| Jumuiya ya wiki | Mzazi, na kiongozi siku moja | Mzazi | Mzazi | Ndiyo, siku nne |
| Mtandaoni | Mwalimu | Mwalimu (hakikisha) | Mzazi, au shule ukijiunga na diploma yao | Si lazima, ila kijana awe na nidhamu |
| Siku mbili au tatu | Mwalimu | Mwalimu | Shule | Siku za nyumbani |

Kilatini, na kwa nini usikiogope

Hili ndilo linalowatisha wazazi wetu kuliko yote. "Mimi Kiingereza chenyewe nilikikuta ukubwani, Kilatini nitakifundishaje?" Nami nilisema hivyohivyo. Halafu usiku mmoja binti yangu alikuwa analia juu ya sentensi, mimi nikachungulia kitabu. *Amo, amas, amat*: ninapenda, unapenda, anapenda. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi! Mwingereza inabidi amtaje, sisi na Warumi hatuna haja. *Puella bona, liber bonus*: sifa inabadilika kulingana na nomino, kama mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri. Mtoto wa Kimarekani anahitaji miezi kuuzoea upatanisho huo. Mtoto aliyekuzwa kwa Kiswahili anaona ni ngeli za watu wengine. Nikamwambia, "Tafuta kiambishi, mama. Kiko mwisho badala ya mwanzo, basi." Hatukulia tena wiki hiyo. Vinyambuo vya mwisho wa nomino, vile vinavyoonyesha nani katenda na nani katendwa, hivyo hatuna, na hapo kazi ni kukariri tu kama kila mtu.

Kwa hiyo kama bado mnaongea Kiswahili nyumbani, msikiache kwa ajili ya Kilatini. Na Kiswahili chenyewe kinaweza kuingia kwenye transkripti kama lugha ya kigeni. Kuna mtihani wa Avant STAMP unaopima Kiswahili, ukampa mtoto karatasi ya mtu wa nje, ambayo chuo kitaiamini kuliko neno la mama yake. Nyerere alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja mwaka 1963 na nyingine 1969. Binti yangu alisoma ya Kaisari kwa Kiingereza huku ile ya Mwalimu ikiwa pembeni, na darasani akawa mwenye la kusema.

Jambo jingine la kwetu. Watoto wetu wakisikia "urithi wa Magharibi" mara ishirini kwa mwaka wanaanza kujiuliza wao wako wapi. Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Tertulliano alikuwa mtu wa Carthage, Athanasi wa Aleksandria. Programu nyingi zinawasomesha watu hawa bila kusema walitoka bara gani. Useme wewe.

Kanisa lipi limeandika mtaala?

"Kikristo" kwenye tangazo ni neno pana. Logos na Omnibus zina mwelekeo wa Kikalvini, na utauona kwenye maswali ya theolojia. Classical Conversations inakusanya Waprotestanti wa kila aina. Wakatoliki wana Kolbe Academy na Mother of Divine Grace, zote za California. Hii ya pili inampa mzazi mshauri wa kumpigia simu badala ya kumwacha peke yake na masanduku ya vitabu. Walutheri, na ndugu zetu wengi wa KKKT ya Tanzania wamo, wana Wittenberg Academy ya mtandaoni. Wapentekoste wenzangu, sisi itabidi tukae na mtoto tumweleze pale tunapotofautiana na kitabu. Binafsi sioni kuwa ni hasara. Kijana wa miaka 16 aliyewahi kupinga ukurasa kwa hoja anaijua imani yake kuliko aliyeitikia tu.

Karatasi

Sheria ni ya jimbo. Texas haidai usajili wala ripoti: shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi, mradi mnasoma kweli na kwa mtaala ulioandikwa. Ukihamia Pennsylvania utapeleka hati ya kiapo, utatunza jalada la kazi za mtoto na kumwita mtathmini kila mwaka. New York wanataka mpango wa mwaka na ripoti kila robo. Familia za madereva na wauguzi tunahama sana, kwa hiyo tunza kila kitu kana kwamba unaishi New York.

Chuo nacho. Diploma ya mzazi haimzuii mtoto kupata msaada wa serikali ya shirikisho, akiwa amemaliza kwa kufuata sheria ya jimbo lake. Lakini transkripti iliyoandikwa na mama yake inahitaji shahidi: SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, au CLT, mtihani ulioanzishwa 2015 wenye jumla ya alama 120 na vifungu vya kusoma vya waandishi hawahawa wa kale. Vyuo vingi vya Kikristo vinaupokea, na vyuo vikuu vya umma vya Florida tangu 2023. Kama kijana anautaka uuguzi au uhandisi kwenye chuo cha umma mahali pengine, afanye SAT. Na sayansi msiichezee. Programu hizi zina nguvu kwenye insha, lakini kemia bila maabara ni hadithi. Mpeleke chuo cha jamii darasa la 11 akachukue kemia yenye maabara, apate na krediti za chuo.

Kwa mnaofikiria kurudi nyumbani: ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya nje Tanzania hufanywa na NECTA, baraza la mitihani la taifa. Diploma ya shule yenye ithibati ina mahali pa kuulizwa. Iliyosainiwa mezani kwenu haina. Kama kuna uwezekano wa kurudi, njia ya tatu yenye diploma au ya nne ndizo za kufikiria, na msisubiri darasa la 12.

Pesa: Texas imepitisha mwaka 2025 mpango wa akaunti za elimu unaoanza mwaka wa masomo 2026–27, na mtoto anayesomeshwa nyumbani anaweza kupata hadi dola 2,000. Zitalipia masomo mawili matatu mtandaoni, hazitalipia shule.

Kwa zamu yako

Mmoja wenu yuko nyumbani mchana na anapenda vitabu: nunua vitabu, na miaka miwili ya mwisho ongeza somo moja la balagha mtandaoni, mtoto asomwe na mtu asiyempenda kama wewe. Uko nyumbani lakini mtoto mpweke: jumuiya. Mnafanya kazi nyote mchana, na kijana anaamka mwenyewe bila kusukumwa: mtandaoni. Mnafanya kazi nyote, na kijana akiachiwa kompyuta anaishia kwenye michezo: siku tatu za shule, hata kama ni mbali. Wewe wa zamu za usiku kama mimi, usijidanganye kwamba utafundisha asubuhi ukitoka kazini. Nilijaribu. Nililala kwenye sura ya tatu ya Herodoto na mtoto akaenda kucheza.

Na kabla hujalipa popote, waandikie barua pepe uombe kitu kimoja: insha ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, jina likiwa limefutwa, pamoja na masahihisho ya mwalimu. Mimi niliwaandikia watano. Watatu walinitumia vipeperushi. Wawili walinitumia insha, na mmoja wa hao ndiye aliyemliza binti yangu.